Juu ya Handaki

Barabara ya zamani ilikula vikombe.
Gari liliondoka na mia, likafika na sitini,
mwenye kiwanda akabaki na vigae na daftari la hasara.
Ndipo wakachimba mfereji. Watu kwa koleo na toroli,
matope hadi mapajani, miaka kumi na mmoja,
wakaulaza katikati ya Staffordshire
mto usio na chemchemi wala haraka,
mto unaokwenda pale unapoambiwa.

Farasi aliyeshindwa na tani moja topeni
sasa alivuta ishirini na tano majini
huku akinyakua nyasi za ukingoni.
Baba aliupenda muujiza huo
kwa sababu ulimlipa kila Jumamosi.

Nilikuwa na miaka tisa. Keziah Tunnard.
Kwetu kulikuwa chumba cha futi nane nyuma ya shehena:
jiko, kitanda cha kukunja,
na mama nje kwenye usukani, mvua na theluji.

Asiyelala mferejini hajui hili:
mlima ulipotuzuia, maji yalipita tumboni mwake,
na handaki lile lilichimbwa kwa ubahili.
Njia ya farasi haikuwekwa. Farasi ni gharama.
Basi nilimfungua Pegi kamba,
nikampandisha kilimani, kwenye kondoo na upepo,
na baba na ami Ithamar wakalala chali
juu ya mbao zilizotokeza ubavuni mwa mashua,
mmoja huku, mmoja kule,
wakaweka viatu ukutani, wakatembea.
Maili moja na robo walitembea wamelala.
Nami juu yao nilikanyaga dari.

Kilimani kulikuwa na matundu manne ya hewa,
yamejengewa matofali kama visima.
Nilimshika Pegi hatamu, nikainama, nikaita, "Baba!"
Sauti ilishuka, ikakaa huko,
ikarudi na harufu ya masizi.
Kisha visigino: ko, ko, ko.
Vitatu. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Ile Februari tulibeba makasha arobaini ya vikombe vya chai,
vimelazwa kwenye majani makavu
kama mayai ya mtu mwoga.
Tundu la kwanza: ko, ko, ko.
La pili: ko, ko, ko, na ami akipiga mluzi.
La tatu

maji tu.

Niliita tena. Pegi alitikisa masikio.
Nilihesabu hadi mia, hesabu zangu zilipokomea,
nikarudi moja.
Ndipo visigino vikaja, polepole,
vya upande mmoja,
na mbao zikikwaruza ukuta.

Sikukimbia. Farasi hakimbizwi mteremkoni kwenye barafu;
hilo nilifundishwa kabla ya sala.
Nilifika mdomoni mwa handaki, nikangoja.
Ikatoka pua ya mashua, ikafuata taa,
akafuata baba, uso mweusi,
mguu wa kulia ukipiga peke yake
kana kwamba ukuta bado upo.
Ubao wa pili ulikuwa mtupu.
Mama alishika usukani kwa mkono mmoja;
mkono wa pili ulishika kofia iliyolowa.

Birmingham, gatini, karani alifungua makasha.
Aligonga kikombe kimoja kwa ukucha,
kikalia vizuri,
akaandika. Baba hakujua kusoma, akaomba asomewe.
"Makasha arobaini. Hakuna kilichovunjika."

Siku hizi gari moshi hupita mlima uleule kwa dakika tatu,
watu wamekaa wima humo ndani na magazeti yao.
Mfereji umeota magugu. Bata wameurithi.

Jana mjukuu wangu aliniuliza
kwa nini kile kikombe kizuri, zawadi ya mama yake,
kimekaa kabatini na mimi nanywea kopo la bati.
Nilimwambia kinaunguza.